Anayesimama Kati ya Fundi na Mwenye Gari

Tarehe 2 Aprili 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu kuhusu watu ambao wengi wetu tumeongea nao bila kuwaangalia vizuri. Ni wale wanaokaa kwenye kaunta ya sevisi katika kampuni zinazouza magari mapya. Unafika asubuhi, unasema gari linatoa mlio ukikata kona ya kushoto. Yeye anakusikiliza, anaandika, anakuuliza mlio ulianza lini, anakupa makadirio ya gharama. Unaweka sahihi, unamwachia ufunguo, unaenda zako. Swali lililowafikia majaji lilikuwa fupi: mtu huyu anafanya kazi gani hasa? Ni fundi, ni muuzaji, au hayumo katika lolote kati ya hayo mawili?

Nyuma ya swali hilo kulikuwa na pesa. Sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 1938 inamtaka mwajiri alipe mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi 40 kwa wiki. Mwaka 1966 Bunge la nchi hiyo liliziwekea kampuni za magari msamaha: hazilazimiki kumlipa nyongeza hiyo muuzaji, mtu wa vipuri au fundi ambaye kazi yake kubwa ni kuuza au kuhudumia magari. Washauri wa sevisi hawakutajwa. Mwaka 2012 baadhi yao, waliokuwa wakifanya kazi kwa wakala wa Mercedes-Benz wa California aitwaye Encino Motorcars, walikwenda mahakamani. Walieleza kwamba walitakiwa kuwa kazini kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, siku tano kwa wiki au zaidi, na kwamba malipo yao yote yalikuwa kamisheni ya kazi walizouza.

Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu mara mbili. Mara ya kwanza, 2016, majaji waliirudisha chini bila kulijibu swali lenyewe. Mara ya pili walilijibu, watano kwa wanne. Jaji Clarence Thomas, akiandika kwa niaba ya walio wengi, alisema mshauri wa sevisi ni muuzaji kwa maana ya kawaida ya neno hilo, kwa kuwa anauza huduma. Na kazi yake ni kuhudumia magari, kwa kuwa bila yeye huduma haiendi, hata kama mikono yake haigusi oili. Sehemu kubwa ya ubishi ilisimama juu ya neno dogo kabisa la sheria ile, neno "au". Jaji Ruth Bader Ginsburg alipinga. Kwa maoni yake, wauzaji wanauza magari na mafundi wanatengeneza magari, na mtu huyu hafanyi hili wala lile. Tena hazunguki kutafuta wateja nje ya saa za kazi, wala haitwi usiku shambani kutengeneza mashine wakati wa mavuno, mambo yaliyofanya msamaha ule uwekwe. Ana saa zake na kiti chake.

Nilifanya kazi nyuma ya kaunta ya aina hiyo kwa miaka mitatu, Dar es Salaam, katika kampuni ambayo sina haja ya kuitaja. Niliposoma hukumu hiyo, neno "au" halikunishughulisha sana. Kilichonishika ni kwamba majaji tisa, baada ya kupekua kamusi na historia ya sheria, waligawanyika karibu nusu kwa nusu juu ya jambo ambalo sisi wenyewe pale kaunta hatukuwa na jibu lake. Meneja wetu wa sevisi alitufundisha kumwambia mteja, "Mimi ndiye mwakilishi wa gari lako humu ndani." Mwisho wa mwezi alitusomea orodha ya nani ameuza kiasi gani. Yote mawili yalikuwa kweli. Ili kuelewa jinsi yalivyokuja kukaa kwenye kiti kimoja, inabidi kurudi nyuma zaidi ya miaka 100, kabla kaunta yenyewe haijakuwapo.

Mwaka 1900 Marekani nzima ilikuwa na magari yapatayo 8,000. Wenye nayo walikuwa matajiri, na tajiri hakuendesha mwenyewe. Aliajiri dereva ambaye pia alikuwa fundi, maana gari la siku zile liliharibika njiani karibu kila safari. Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Mwanahistoria Kevin Borg, katika kitabu chake kuhusu mafundi magari wa Marekani, anaeleza jinsi madereva hao walivyowatia mabosi wao wasiwasi. Dereva alijua mambo ambayo bosi hakuyajua. Yeye ndiye aliyeamua gari lipelekwe gereji gani na linunuliwe matairi gani, na wenye gereji wakawa wanamwekea kamisheni pembeni kwa kila bili aliyowaletea. Bosi alilipa bila kujua kama kilichotengenezwa kilikuwa kimeharibika kweli. Kwa hiyo mtu wa kwanza kusimama kati ya mwenye gari na gereji alilipwa na pande zote mbili, na ni upande mmoja tu uliojua.

Kisha likaja gari la Model T la Ford, mwaka 1908. Bei yake iliteremka mwaka hadi mwaka, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 toleo la bei ya chini kabisa lilipatikana kwa chini ya dola 300. Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na magari kama milioni 8. Wenye magari wapya walikuwa wakulima, walimu, wenye maduka, watu wasioweza kuajiri dereva. Wengi walijitengenezea wenyewe. Walioshindwa walikwenda kwa mhunzi wa kijiji au fundi baiskeli aliyebandika kibao kipya juu ya mlango. Kiwandani Detroit watengenezaji waliliona hilo kama hatari ya kibiashara: mtu akiharibikiwa na gari mikononi mwa fundi asiyejua, atalilaumu gari, na hatanunua jingine. Mawakala wakaanza kutakiwa wasiuze tu. Waweke vipuri, waweke gereji, na mteja akirudi wampokee.

Wakati huohuo kiwanda cha Ford kilikuwa kimegundua nguvu ya kupima muda. Mkanda wa kuunganishia magari ulipoanza kutembea katika kiwanda cha Highland Park mwaka 1913, kazi ya kuunganisha gari moja ilishuka kutoka saa 12 na nusu hivi hadi dakika 93 katika miezi michache. Ikaonekana hakuna sababu gereji isiende vivyo hivyo. Wataalamu wakasimama kando ya mafundi na saa mkononi: kubadilisha bendi za gia, muda fulani; kusaga valvu, muda fulani. Muda uliandikwa katika kitabu, na kila muda ukapata bei yake. Kuanzia hapo mteja angeweza kuambiwa gharama kabla boneti halijafunguliwa.

Lakini kitabu hakiongei. Alihitajika mtu wa kumsikiliza mteja, kuyageuza malalamiko yake kuwa majina ya kazi, kuyatafuta kitabuni, kuandika kadi na kuipeleka ndani. Kwa Kiingereza aliitwa mwandishi wa sevisi, na kwa miaka mingi jina lilimfaa. Juu yake akawekwa meneja wa sevisi, wa kuhakikisha kadi zinatoka na mafundi hawakai bure. Kabla ya hapo mwenye gari alizungumza na mwenye spana. Sasa aliyezungumza hakushika spana, na aliyeshika spana hakuzungumza.

Wote wanaofanya kazi kwa mfumo huu wanajua kwamba una saa mbili. Kuna saa ya ukutani na kuna saa ya kitabu. Kitabu kikisema kubadilisha pampu ya maji ni saa mbili, mteja analipia saa mbili na fundi analipwa saa mbili, hata kama ameimaliza kwa saa moja. Boliti likigoma kwa sababu ya kutu na kazi ikala nusu siku, fundi bado analipwa saa mbili. Mwanahistoria Stephen McIntyre ameichunguza juhudi hiyo ya kuigeuza gereji kuwa kiwanda, kati ya 1913 na 1940, na anaihesabu kuwa ilishindwa. Kiwandani magari yote yanafanana; gereji hupokea magari ambayo kila moja limeharibika kivyake. Mafundi walikuwa na njia zao za kujitetea, na ushindani wa gereji ndogo haukwisha. Ndoto ya gereji inayokwenda kama mkanda ilizikwa, lakini kitabu cha muda kilibaki mezani, na kipo mpaka leo, siku hizi ndani ya kompyuta.

Je, mteja alipata alichoahidiwa, yaani uhakika? Mwaka 1941 jarida la Reader's Digest lilijaribu kupima. Mwandishi John Patric na mwenzake wa kike walizunguka majimbo yote 48 ya wakati ule kwa gari zima. Kabla ya kuingia kila gereji walichomoa waya mmoja wa koili, kasoro ambayo fundi anayejua kazi angeiona akifungua boneti. Waliingia gereji 347. Katika asilimia 63 walidanganywa: wengine waliwatoza kwa kazi isiyofanyika, wengine walibadilisha vitu vizima, wengine walibuni ugonjwa mwingine kabisa. Waliobaki waliurudisha waya mahali pake kwa uaminifu.

Nchi nzima ilizungumza kuhusu mafundi wezi. Nadhani kuna namna bora ya kulisoma jaribio hilo, na iliandikwa miaka 32 baadaye na wachumi wawili, Michael Darby na Edi Karni. Walisema kuna bidhaa unazozijua kabla ya kununua: chungwa unalibonyeza, kitambaa unakishika. Kuna nyingine unazijua baada ya kununua: chakula cha hotelini, ukishakila umeshajua. Halafu kuna bidhaa ambazo huzijui hata baada ya kuzinunua na kuzitumia. Umeambiwa gia boksi lilihitaji kufunguliwa. Limefunguliwa, limefungwa, gari linakwenda. Je, lingekwenda hivyohivyo bila kufunguliwa? Hutajua kamwe. Anayegundua ugonjwa ndiye anayeuza dawa. Wewe umebakiwa na kumwamini tu. Katika soko la namna hiyo, namna anayekushauri anavyolipwa inakuwa na uzito kuliko tabia yake, kwa sababu hakuna siku utakayoweza kumkamata kwa macho yako.

Miaka ya 1960 iliongeza bwana mwingine. Kampuni ya Chrysler ilitangaza kwa magari yake ya 1963 dhamana ya miaka mitano au maili 50,000 kwa injini na mfumo wa kuendeshea, na wengine wakalazimika kuifuata. Mteja alifurahi. Meneja wa sevisi alipata hesabu mpya. Kazi ya dhamana hailipwi na mteja, inalipwa na kiwanda, na kiwanda kina kitabu chake cha muda, kilicho kibahili kuliko kile cha wateja wa kawaida. Fundi akipewa kadi mbili, moja ya dhamana na moja ya mteja anayelipa, anajua ipi itamlisha. Mwaka 1968 Seneta Philip Hart alianza kusikiliza ushahidi kuhusu matengenezo ya magari. Mwaka 1970 watafiti William Leonard na Marvin Weber waliandika kwamba udanganyifu wa wauzaji na gereji zao hauelezeki kwa tabia mbovu ya watu wachache. Watengenezaji wachache wenye nguvu waliwabana mawakala kwa bei, kwa idadi ya magari na kwa malipo madogo ya dhamana, na wakala aliyebanwa alitafuta pa kupumulia. Mahali hapo palikuwa kwenye kaunta ya sevisi.

California ilijibu kwa sheria ya 1971. Iliunda ofisi ya serikali ya kusimamia gereji na kuzitaka zimpe mteja makadirio ya maandishi kabla ya kazi, na zimrudishie kipuri cha zamani akikitaka. Ni sheria ndogo, ila ina akili. Kile kipuri cha zamani ndicho kitu pekee ambacho mteja anaweza kukishika kwa mkono katika biashara nzima.

Ofisi hiyo ndiyo iliyotoa, Juni 1992, mashtaka yaliyotikisa jina la Sears, kampuni ya maduka iliyokuwa na gereji nchi nzima. Sears hawakuwa mawakala wa magari, lakini kaunta yao ilikuwa ileile. Wachunguzi walipeleka kwa siri magari ambayo hali yake waliijua, na katika safari 38 walitozwa kazi zisizohitajika mara 34. Walipouliza kwa nini, hawakukuta genge la wahalifu. Walikuta washauri wa sevisi waliopewa kamisheni na idadi ya kufikia kwa kila zamu: breki kadhaa, springi kadhaa, shokapu kadhaa. Mwenyekiti wa Sears, Edward Brennan, alitangaza mwezi huohuo kwamba kampuni inaondoa malipo hayo na malengo hayo kwa washauri wake. Watu walewale wangebaki kwenye viti vilevile. Kilichobadilishwa ni namna ya kuwalipa, na hilo lenyewe lilikuwa kukiri ugonjwa ulipokuwa.

Kwa nini kampuni za magari hazikufuata njia hiyo kwa pamoja? Jibu liko kwenye vitabu vya hesabu, na ni jambo ambalo mteja anayepita kwenye ukumbi wenye magari yanayong'aa hawezi kulikisia. Takwimu za NADA, chama cha wauzaji magari cha Marekani kilichoundwa mwaka 1917, zimeonyesha kwa muda mrefu kwamba sevisi na vipuri ni sehemu ndogo ya mauzo ya wakala, lakini huleta karibu nusu ya faida ghafi. Gari jipya linauzwa kwa faida nyembamba. Wenye biashara hii wana kipimo wanachokipenda: faida ya idara ya sevisi inalipa asilimia ngapi ya gharama za kudumu za kampuni yote, kodi ya jengo, umeme, mishahara ya ofisini. Ikifika 100, kampuni inaweza kupitisha mwezi bila kuuza gari hata moja na milango isifungwe. Meneja wa sevisi anabebeshwa jengo zima mgongoni, na anaingia kazini kila asubuhi akiijua ile asilimia.

Nilimtazama meneja wangu kwa miaka mitatu akiubeba mzigo huo. Kazi yake haikuwa magari. Ilikuwa kugawa. Kadi zikitoka mashine, zipo zinazolipa na zipo zinazotesa. Sevisi ya kawaida ya kubadilisha oili na breki inampa fundi saa nyingi za kitabu kwa muda mfupi. Waya unaokatika mara moja kwa wiki, kasoro ya umeme isiyojulikana ilipo, inamla siku nzima na kumlipa kidogo. Kwa mantiki, kazi ngumu humwendea fundi hodari, na hivyo fundi hodari ndiye anayeweza kupata kidogo. Meneja akimpa fundi fulani kadi nono siku tatu mfululizo, gereji nzima inajua kufikia saa nne ya chai. Sisi wa kaunta tuliuza saa, lakini yeye ndiye aliyezigawa, na kila saa aliyoigawa ilikuwa ugali wa mtu.

Si ajabu kwamba mafundi wa Chicago walipogoma Agosti 2017 dhidi ya mawakala zaidi ya 100, moja ya hoja zao kubwa ilikuwa saa za uhakika: fundi aliyekuja kazini akakaa bila gari alipwe kwa kiasi gani. Mgomo huo ulidumu wiki kadhaa. Ukiuweka kando ya kesi ya Encino, unaona swali ni lilelile kutoka pande mbili za ukuta mmoja. Fundi alisema: saa yangu ya ukutani nayo ina thamani. Mshauri wa sevisi alisema hivyohivyo, na Mahakama ikamjibu kwamba yeye ni muuzaji, na kwa sheria ile, muuzaji hahesabiwi saa.

Mfumo huu ulitufikia Afrika Mashariki kwa njia ndefu. Njia mojawapo ilipita Japani. Kamiya Shotaro alijifunza kazi ya kujenga mtandao wa mawakala akiwa General Motors ya Japani, akahamia Toyota mwaka 1935, na alikuwa na msemo kwamba anayetangulia ni mteja, kisha wakala, mwisho kiwanda. Toyota ikaja kuwa jina la barabara zetu. Wakala wake Tanzania ni wa kundi la Karimjee, familia ya wafanyabiashara iliyoanzia Zanzibar karne ya 19. Nilikofanya kazi mimi ni kwingine na gari lilikuwa jingine, lakini unapoingia kwa wakala yeyote hapa mjini unakuta vitu vilevile: kadi ya kazi, kitabu cha muda, kaunta, kioo, na kibao kinachosema wateja hawaruhusiwi kuingia ndani ya gereji.

Kibao hicho kiliwaudhi wateja wetu kuliko bili. Wazee hasa. Mzee anakusikiliza mpaka mwisho, halafu anasema, "Sawa, mwanangu. Sasa nipeleke kwa fundi." Hakuwa na ugomvi nami. Alitaka kuuona uso wa mtu atakayelifungua gari lake, kwa sababu alikotoka ndivyo mambo yalivyofanyika. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake cha 2021 kuhusu magari na mafundi wa Tanzania, ameonyesha jinsi ujuzi wa mafundi wetu ulivyokua nje ya kampuni rasmi, chini ya miti na pembeni mwa barabara. Ndizo hizi tunazoziita gereji bubu, jina la ajabu kwa mahali ambapo hakuna anayenyamaza. Mwenye gari anakaa juu ya tairi la zamani, anatazama kila boliti linalotoka, anauliza, anabisha, anaagiza chai. Na magari yetu mengi yanaingia yakiwa yametumika, kutoka Japani. Kenya inakataza yaliyozidi miaka 8, Tanzania inayatoza zaidi yaliyozeeka. Mengi ya hayo hayataiona kaunta ya wakala hata siku moja. Watu hawasemi "kampuni yangu". Wanasema "fundi wangu", kama wanavyosema "daktari wangu".

Ningependa kusema kwamba chini ya mti tatizo la kuamini limekwisha. Halijaisha. Fundi wako anakusindikiza Gerezani kununua kipuri, mnaingia duka analolijua yeye, unalipa, mnatoka. Jioni anarudi peke yake, na mwenye duka anamtolea chake. Ni kamisheni ileile ya dereva wa tajiri wa Marekani miaka 100 na zaidi iliyopita, na hakuna aliyewafundisha. Popote anayejua anapomwongoza asiyejua kwenda kutoa pesa, pengo hilo hutokea, na mtu mwenye njaa hulijaza. Tofauti ni kwamba chini ya mti unaweza kumnunia fundi wako, na jirani zako watasikia. Kwenye kaunta utamnunia mtu ambaye kesho atakuwa amehamishiwa idara nyingine.

Tangu siku za mwandishi wa sevisi, cheo hicho kimebadilishwa jina. Siku hizi anaitwa mshauri. Katika Kiswahili neno hilo ni zito: mshauri ni mtu unayemwendea kabla ya kuoa, kabla ya kuuza shamba. Sijui kama waliolileta neno hilo kwenye kaunta za Dar walilipima. Mshauri anayelipwa kila ushauri wake unapokubaliwa yuko mahali pagumu, na Jaji Thomas, kwa kumwita muuzaji, angalau alisema waziwazi jambo ambalo jina jipya linalifunika. Bado nadhani Jaji Ginsburg ndiye aliyeiona kazi yenyewe: mtu aliyekaa pale saa 11 kwa siku, hauzi gari, hatengenezi gari, anashikilia mazungumzo kati ya watu wawili wasioruhusiwa kuonana.

Teknolojia inakipunguza kioo kile kidogo. Mafundi wa makampuni mengi sasa wanapiga picha au video ya breki iliyokwisha na kukutumia kwenye simu. Fomu ya ukaguzi nayo imekuwa ya rangi tatu kama taa za barabarani. Nyekundu ni hatari, usiondoke bila kutengeneza. Kijani ni salama. Katikati kuna njano: kitu kinachakaa lakini hakijafika. Ukifanya kazi pale kwa mwezi mmoja unajua kwamba nyekundu na kijani hazina ubishi. Kamisheni yote iko kwenye njano. Ni kwenye njano ambapo sauti ya mshauri, ukimya wake kidogo kabla ya kujibu, na idadi aliyobakiza kufikia mwisho wa mwezi, vinaamua unalipa nini.

Meneja wangu, pamoja na asilimia yake na orodha yake ya mauzo, alikuwa na kanuni moja ambayo makao makuu hayakumtuma. Hakuna njano inayoandikwa bila makadirio ya muda mbele yake: miezi mitatu, kilomita 5,000, kabla ya mvua za masika. Fundi aliulizwa, akajibu, ikaandikwa, na mteja akaondoka na karatasi hiyo. Iligharimu mauzo ya siku, na alihojiwa kwa hilo zaidi ya mara moja, mlango ukiwa umefungwa. Kwa hiyo ukipeleka gari lako mahali palipo na kaunta na kioo, iulizie njano. Uliza itakuwa nyekundu lini, na nani amesema hivyo. Ukimwona anayekujibu anageuka kwanza kwenda kumuuliza fundi, msubiri.